Mteja wa Kwanza Asiyenunua Kitu

Jumatatu, 11 Juni 2007

Likizo imeanza. Nimeamua kuishi kisayansi.

Sababu ni hii. Jumapili napata kipaimara, na Mama Mektilda, msimamizi wangu, ameahidi zawadi. Mama Mektilda anakaanga samaki soko la Feri na ahadi zake hazina mzaha. Amesema Jumamosi atafunga jiko mapema, atakuja Kariakoo, na mimi nimwonyeshe kwa kidole kitu ninachokitaka. Vitu vyenye waya yeye havijui, nisije nikamtia aibu kwa kumwomba ushauri.

Ninachokitaka ni MP3. Kile kidude cha muziki kinachoingia mfukoni, unakijaza nyimbo kwenye kompyuta, kisha unatembea nazo kama mtu mwenye bendi yake binafsi.

Baba aliuliza cha nini. Nilimjibu ni cha kusikilizia nyimbo za kwaya na matamshi ya Kiingereza. Ni kweli. Lakini shajara haifai kudanganywa, kwa hiyo naandika na sababu ya pili. Kwenye tuisheni ya mchana kuna msichana anaitwa Zarna. Ana MP3. Wakati wa mapumziko huweka spika moja sikioni mwake na nyingine humpa Krupa. Mimi hukaa dawati la nyuma na kuangalia vichwa viwili vikitikisika pamoja kwa muziki nisiousikia. Sijawahi kupewa sikio la pili na mtu yeyote. Nikipata MP3 yangu nitakuwa na sikio la pili la kugawa, na huenda mtu akaliomba. Huenda akawa Zarna.

Lakini MP3 ziko za aina nyingi! Mwalimu Candida wa fizikia ametufundisha kwamba kitu hakiwi bora mpaka kilinganishwe na kingine katika hali ileile. Hali ileile! Basi nitakwenda duka moja kila siku, asubuhi, mara tu linapofunguliwa, muuzaji akiwa bado ana utulivu na kabla makuli hawajaanza kupiga kelele. Sidhani kama kuna mtu Kariakoo amewahi kufikiri hivi.

Leo nimeanza na duka la Mzee Indravadan, baba yake Zarna, hatua chache kutoka duka la baba yangu la ndoo na mabeseni. Nilimkuta anamaliza sala, moshi wa udi bado unazunguka mbele ya picha ya mungu wao wa kike. Shikamoo. Marahaba, marahaba! Alifurahi mno kuniona. Alinitolea aina mbili. Ya kwanza nimeiita Kijiti: nyembamba, inatumia betri ndogo, haina kioo. Ya pili ni Sabuni: ina kioo, ina redio, inateleza mkononi. Nilizisikiliza zote kwa wimbo mmoja, nimefumba macho, kisha nimefumbua, nikajaza jedwali daftarini.

Bila kuulizwa akapunguza bei. Nikamwambia asante, nalinganisha tu. Akapunguza tena. Nikamwambia kesho nakwenda kwa jirani. Akashika kichwa, akasema nichukue hata balbu, mama, hata balbu moja! Nikamweleza kwamba balbu haimo katika utafiti wangu. Nikaaga kwa adabu.

Mzee mpweke, nadhani. Anapenda wageni.

Jumanne, 12 Juni

Duka la Mbaruku, mkabala na la Mzee Indravadan. Nilifika kabla hajamaliza kufukiza ubani. Akasema bismillahi, karibu binti, nifungulie biashara!

Kwa Mbaruku kuna mambo mapya. Yeye ana MP4, MP5 na MP6. Nilimuuliza tofauti yao. Akasema namba ikipanda, muziki unapanda. Nikamuuliza MP1 na MP2 zilikwenda wapi. Akapangusa kaunta, akasema ziliisha, watu walizigombania. Nikamuuliza MP6 inafanya nini ambacho MP5 haifanyi. Akasema inafanya vilevile, lakini kwa kujiamini zaidi. Kipimo kigumu hicho. MP6 ni ndogo, ina kibanio cha kubana shati, nimeiita Kibiriti. Sauti nzuri sana. Inaimba wimbo mmoja wa Kichina ambao Mbaruku mwenyewe anakiri haufutiki.

Nilipoaga alinishika mkono. Nunua hata betri, mwanangu. Nikasema sina pesa, nimekuja na masikio tu. Basi akatoa sarafu mfukoni mwake, akataka kunipa, ili nimrudishie, ili anipe betri! Nikakataa. Mwalimu Candida ametuonya wasichana tusipokee pesa za wanaume wasio ndugu zetu. Nikamwambia hivyo, kwa sauti ya kusikika, kama tulivyofundishwa. Watu mtaani wakageuka. Mbaruku akaficha sarafu kama mtu aliyekamatwa.

Nilipotoka, kibao cha duka lake kikaanguka nyuma yangu.

Kwenye tuisheni Zarna alikuwa anamsimulia Krupa kwamba jana baba yake hakuuza kitu kutwa nzima. Hata waya. Mteja mmoja alifika mpaka kaunta, akapiga chafya, akaondoka.

Jioni nilimsimulia Baba. Akaacha kula. Akaniuliza kama nina akili timamu. Kumbe! Wafanyabiashara wote wa Kariakoo, Wahindi, Waislamu, Wachaga, wanaamini jambo moja: mteja wa kwanza asubuhi ndiye anayefungua siku. Akinunua, hata kitu kidogo, siku itakwenda vizuri. Akiondoka mikono mitupu ameondoka na riziki yote. Ndiyo maana humpunguzia bei mpaka hasara.

Nilimuuliza Baba kama na yeye anaamini. Akasema sisi ni Wakatoliki, huo ni ushirikina. Kisha akasema kuanzia kesho nisikanyage dukani kwake kabla ya saa nne.

Jumatano, 13 Juni

Sikulala vizuri kwa hasira ya kisayansi. Mteja ana masikio, miguu na daftari. Hana nguvu ya kuzuia wanunuzi wengine. Hakuna nguvu isiyo na chanzo. Nimeamua utafiti uendelee, na nikimaliza, wafanyabiashara watanishukuru kwa kuwatoa gizani.

Leo ilikuwa zamu ya duka la tatu, la Siti, anayeuza simu na MP3 zenye rangi za pipi. Nilimkuta anainua mlango wake wa chuma. Akaniona. Akaushusha.

Nikadhani amesahau kitu ndani. Nikasimama kando nisubiri. Jirani yake aliyekuwa amefungua nusu akaniona, naye akashusha. Na wa pili yake. Sauti ya milango ya chuma ikaenda kwa safu, kraa, kraa, kraa, mpaka kwenye kona ya Msimbazi. Nikasikia mtu ndani anasema, jamani, yupo, yule binti gundu yupo!

Gundu! Mimi, niliyepata alama ya juu katika maarifa ya dini!

Niliona kuondoka kungekuwa kukubali. Nikabaki katikati ya mtaa, nimenyooka, nikitabasamu ili waone sina ubaya. Hakuna aliyefungua. Wateja wakaanza kujaa. Makuli wakakaa juu ya mikokoteni. Muuza kahawa alikuwa na siku nzuri sana. Hilo nimeliandika kama ushahidi upande wangu.

Hatimaye Baba akaja kuona kuna msiba gani mpaka mtaa mzima umefungwa. Akaona msiba ni mwanaye. Alinichukua kwa mkono mpaka nyumbani, akiwasalimia watu njiani kwa sauti ya upole isiyo yake.

MP3 za Siti: hazijapimwa. Jedwali langu lina pengo. Inauma.

Alhamisi, 14 Juni

Siku ya maajabu!

Baba amenipa kazi ya kufuta vumbi kwenye ndoo, nyuma ya duka, baada ya saa nne, ili macho ya watu yasinione. Alipokwenda kunywa chai, aliingia Mbaruku, akitembea kama mtu aliyepotea njia. Akaanza kusifia ndoo. Kisha akasema kwa chinichini kwamba ana shida ndogo. Kesho asubuhi, kama nitapenda, nikawe mteja wa kwanza kwa Mzee Indravadan. Nisinunue kitu. Nilinganishe tu, nilinganishe vizuri. Nikifanya hivyo, Kibiriti ni changu.

Nikasema nitafanya.

Hakuwa amefika mbali, akaingia Mzee Indravadan. Yeye alisifia mabeseni. Akauliza habari za masomo. Kisha akasema Mbaruku ni mtu mzuri, jirani wa miaka mingi, na kwa sababu hiyo angependa sana kesho nikamtembelee Mbaruku asubuhi kabisa. Mikono mitupu. Nikifanya hivyo, nichukue Sabuni.

Nikasema nitafanya.

Sioni kosa langu. Wao wanaamini gundu, mimi siamini, kwa hiyo kwa upande wangu sitamdhuru mtu. Halafu fikiria: Kibiriti na Sabuni, zote mkononi, kutwa nzima, katika hali ileile! Na Jumamosi Mama Mektilda ataninunulia ya tatu. Ningeweza kugawa masikio kwa darasa zima.

Kisha jambo kubwa kuliko hayo. Kwenye tuisheni Zarna aligeuka nyuma. Akanisemesha mimi! Akasema mambo. Nikasema poa, kwa sauti ambayo haikuwa poa. Akasema eti wewe ndiye unayemtesa baba yangu? Akacheka mpaka machozi. Hakuwa amekasirika. Aliniuliza nimegundua nini kuhusu Sabuni, nikamweleza, akasikiliza. Mtu alisikiliza jedwali langu! Nilifurahi kiasi kwamba nilimweleza na mengine yote. Kibiriti. Ahadi ya kwa Mbaruku. Ahadi ya kwa baba yake. Mpango mzima.

Alipokuwa anarudi nyumbani alikuwa bado anacheka. Nadhani tumekuwa marafiki.

Ijumaa, 15 Juni

Sijui nianzie wapi.

Jana jioni Zarna alimsimulia baba yake. Baba yake alimfokea Mbaruku kutoka upande wa pili wa barabara. Mtaa mzima ukasikia. Basi usiku ule kila mwenye duka akawaza jambo lilelile: kesho aweke mteja wake mwenyewe wa kwanza, aliye wa uhakika, kabla yule binti hajafika.

Nilipotokea asubuhi, nikiwa na mpango wa kugusa kizingiti cha Mzee Indravadan kisha kuvuka mbio kwa Mbaruku, nilikuta kila mlango una mtu. Kwa Mzee Indravadan amesimama Zarna mwenyewe, anapiga miayo, ameshika sarafu ya kununulia betri. Kwa Mbaruku yupo mkewe, Bi Sitara, amejifunga khanga vizuri na kujifanya hamjui mumewe. Kwa Siti kuna mama yake mzazi. Na kwa Baba, Mkatoliki asiye mshirikina? Yupo Mama yangu! Amekumbatia beseni.

Bi Sitara aliona yuko peke yake, akamwita dada yake asimame nyuma aongeze uzito. Siti naye akaongeza shangazi. Mtaa ukawa na vifoleni vidogo mbele ya milango iliyofungwa.

Hapo ndipo alipopita bibi mmoja mwenye kikapu, anayekwenda zake sokoni. Akaona foleni. Akasimama nyuma ya dada yake Bi Sitara. Sikumwelewa, lakini akaja mzee mwenye kofia, naye akasimama nyuma ya bibi. Mzee aliuliza wanatoa nini. Bibi akasema hajui, shika nafasi kwanza, utauliza baadaye. Mama amenieleza jioni: watu wa rika lile walikaa miaka kwenye foleni za sukari na sabuni kabla biashara haijaachiwa huru. Miguu yao ikiona foleni inaingia yenyewe.

Foleni zikakutana katikati ya mtaa. Mtu akasema kuna vitu vimeshuka bei. Mwingine akasema hapana, kesho vinapanda. Mwingine akasema vinapigwa marufuku kabisa. Milango ilipoinuliwa, watu waliingia kama maji. Walinunua kilichokuwa kaunta bila kuuliza. Bibi mwenye kikapu alipewa Sabuni. Akaitikisa sikioni kusikia kama imejaa. Mzee mwenye kofia alichukua Kijiti, akataka kujua, kama dawa, ni asubuhi na jioni au mara moja kwa siku. Siti aliuza mpaka maboksi matupu. Baba aliuza beseni lililokuwa mikononi mwa Mama.

Kabla ya adhuhuri hapakuwa na MP3 mtaani. Hata moja! Mbaruku alikuwa analia kwa furaha juu ya bega la Mzee Indravadan. Nilikwenda kuwauliza kuhusu ahadi zetu. Wakaniambia kwa upole kwamba sikuwa wa kwanza kwa yeyote.

Kisheria wako sahihi.

Jumamosi, 16 Juni

Mama Mektilda alikuja kama alivyosema, amebadili gauni, ananukia samaki na sabuni kwa pamoja. Akasema haya mwanangu, nionyeshe kwa kidole.

Sikuwa na pa kuelekeza kidole. Tulipita duka kwa duka. Kila mwenye duka sasa ananiita nyota. Karibu nyota! Jumatatu uje kwangu kwanza, nyota! Siti alinipa soda. Lakini rafu tupu.

Mbaruku akaniita pembeni. Akainama chini ya kaunta, akatoa kitu kilichofungwa kwenye gazeti. Alikuwa amekificha jana kwenye msukosuko, kwa ajili yangu tu. MP7! Ina kioo, ina kibanio, ina redio. Nikaisikiliza. Sauti kama kuwa ndani ya kinanda. Akataja bei, Mama Mektilda akasema hiyo ni bei ya mtu muungwana, akafungua pochi.

Nikasema ngoja kwanza.

Mama Mektilda akaniuliza ningoje nini. Nikamweleza kwamba nimesikiliza kitu kimoja, na kitu kimoja hakiwezi kulinganishwa na chenyewe. Je, kama kuna MP8? Akasema, mwanangu, kitu kinaimba, pesa ipo, miguu yangu imesimama tangu alfajiri. Nikamwomba, kwa jina la kipaimara, tutafute nyingine moja tu ya kulinganishia. Alinikubalia kwa sababu ni msimamizi wangu mbele za Mungu. Tukaenda mpaka mwisho wa Msimbazi na kurudi kwa mtaa wa nyuma. Alikuwa anachechemea. Hatukupata.

Tuliporudi MP7 ilikuwa imeuzwa. Dereva mmoja alipita. Hakulinganisha kitu. Aliuliza inaimba? Akaambiwa inaimba. Akaondoka nayo.

Mama Mektilda alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa dukani kwa Baba, akavua viatu. Akasema hawezi kuja kanisani kesho bila zawadi, watu wa Feri watamsema. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Akaninunulia mabeseni. Seti nzima, moja ndani ya jingine, yana maua. Baba akampa bei ya jumla.

Nikasema asante. Nikaenda nyuma ya duka, nikalia ndani ya beseni la kati.

Jumapili, 17 Juni

Nimepata kipaimara. Askofu alinipaka mafuta, Mama Mektilda aliweka mkono begani kwangu, mkono mzito na wa joto, na nikasamehe watu wote, pamoja na dereva.

Nyumbani kulikuwa na pilau na jamaa wa Baba waliozungumza kuhusu kwao Moshi. Saa kumi hivi akaja mtu mlangoni. Zarna! Amevaa gauni la manjano, ameleta boksi la ladu, vitamu vya Kihindi, kutoka kwa baba yake, shukrani kwa biashara ya Ijumaa. Alimwamkia Mama, alimwamkia Mama Mektilda, akala pilau ya mboga aliyotengewa. Kisha tukakaa ngazini, mimi na yeye.

Akasema wiki hii amecheka kuliko mwaka mzima. Akasema Krupa hachekeshi, anatikisa kichwa tu. Akatoa MP3 yake mfukoni. Akaweka spika moja sikioni mwake. Ya pili akaninyooshea mimi.

Sikio la pili! Mkono wake ulikuwa pale, unangoja. Moyo ulinidunda mpaka nikaogopa ataudhania ni muziki.

Nikaipokea. Nikaiweka sikio la kushoto. Ilikuwa nzuri kuliko kitu chochote. Lakini nzuri kuliko nini? Nikamwomba aniwie radhi, nikaihamishia sikio la kulia. Nzuri pia! Ila tofauti kidogo. Nikamwomba tubadilishane, nichukue spika yake naye achukue yangu, turudie wimbo tangu mwanzo ili hali iwe ileile. Akabadilisha. Nikajaribu kushoto. Nikajaribu kulia. Akasema Joyceline, sikiliza tu. Nikasema karibu namaliza, tugeuke tuelekee mashariki, upepo unaingilia upande mmoja. Tukageuka. Nikamwomba asitikise kichwa, anavuta waya na kuharibu kipimo. Akaacha kutikisa kichwa.

Hapo betri ikaisha.

Zarna aliangalia MP3, akaniangalia mimi, akakunja waya polepole. Akasema anakwenda nyumbani. Alipofika getini akageuka, akasema kesho kwenye tuisheni nikae dawati lake kama nataka, lakini nisije na daftari.

Matokeo: sikio la kushoto linaelekea kuwa bora. Sina uhakika. Kwa hiyo kesho nitakaa dawati lake, na daftari nitalificha ndani ya sketi. Tatizo lilikuwa betri. Sikuchagua betri kwa makini. Kariakoo kuna za kijani, nyekundu na za dhahabu. Nitaanza na Mzee Indravadan, asubuhi, akifungua tu mlango. Sitanunua bado. Nitalinganisha.